Katapila Kwenye Siku ya Mawe

Mtoto wa kaka yangu, Curdin, alishindwa kesi siku ya Jumanne, na alinipigia simu mwenyewe kuniambia.

"Shangazi, wametunyang'anya."

"Nani?"

"Ushirika wa malisho. Mahakama ya juu imewapa ushindi. Mkataba umekufa. Tung'oe lifti yote kabla ng'ombe hawajapanda mlimani."

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikiwa bado na aproni. Sitaki kusema uongo, sikushangaa. Niliumia, lakini sikushangaa hata kidogo.

Mlima ulio nyuma ya kijiji chetu cha Valdeina si wa mtu mmoja. Ni wa ushirika, yaani nyumba zote zenye ng'ombe na zile zilizowahi kuwa nao. Kiangazi wanapanda ng'ombe, na majira ya baridi wanapanda watu wa mjini na mbao zao miguuni kuja kuteleza kwenye theluji. Baba yangu mzazi, Tumasch, ndiye aliyeomba sehemu ya kusimika lifti ya kamba ya kuwapandisha watu hao. Wakamkodisha, kwa masharti. Sharti mojawapo ni kwamba kila mwaka theluji ikishayeyuka, mwenye lifti aje Siku ya Mawe, yeye mwenyewe, kwa mikono yake, sawa na mwenye nyumba mwingine yeyote.

Theluji ikiporomoka huja na mawe, na mawe yakilala juu ya majani, ng'ombe watakula nini? Kwa hiyo siku hiyo kila nyumba hutoa mtu na jembe na kikapu, tunaokota, tunayatupa ukutani, halafu tunakula pamoja. Baba alikuwa anakuja. Kaka yangu naye alikuwa anakuja. Hata mwaka ule mgongo ulipomkatalia alikuja, akaletewa kigoda, akakaa kutwa anawatukana waokotaji kwamba ni wavivu. Watu walicheka mpaka basi. Kaka alipofariki, lifti ikabaki kwa Curdin.

Msimwone Curdin mbaya. Nimemlea mimi tangu mama yake alipoondoka, namjua. Alisomea biashara mjini, akarudi na mawazo mazuri: taa, mashine ya kahawa, tiketi za kwenye simu. Watelezaji wakaongezeka. Mimi mwenyewe napika supu ya shayiri kwenye kibanda cha kule juu, na msimu ule wa kwanza sufuria langu halikuwahi kurudi na kitu. Tatizo la kijana huyu ni moja tu: akishaamini kwamba anakutendea wema, huwezi kumwambia neno likaingia.

Siku moja kabla ya Siku ya Mawe yake ya kwanza alinijia anatabasamu.

"Shangazi, kesho nimewakodia katapila na dereva wake. Wazee wenye migongo mibovu wainame siku nzima ya nini? Saa nne kazi imekwisha. Watanishukuru."

"Hawatakushukuru. Nenda wewe."

"Nina mkutano."

"Uahirishe."

"Kwa ajili ya mawe?"

"Kwa ajili ya mawe, ndiyo! Curdin, nisikilize, mwanangu. Hawataki kazi yako, wanataka sura yako."

Akacheka, akanibusu shavuni, akaenda zake. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kesho yake tulisimama pale na majembe yetu kama watu waliokosea harusi. Katapila likapita likisukuma mawe, na majani pia likayakwangua. Mzee Gieri, mwenyekiti wa ushirika, alitazama mpaka lilipozimwa. Gieri ni mtu ambaye ukitaka maneno matatu kutoka kwake lazima ulipie moja. "Haya," akasema. "Tumemaliza." Akabeba kikapu chake kitupu akashuka, na wote wakamfuata. Hakuna aliyekula. Nilirudi nyumbani na sufuria limejaa supu, nikainywa peke yangu wiki nzima kwa hasira.

Mwaka wa pili, katapila. Mwaka wa tatu, katapila. Na hakuna hata mmoja wa ushirika aliyemfuata Curdin kumwambia, bwana mdogo, umetukosea. Hiyo ndiyo tabia ya watu wa bonde hili, na mimi ni mmoja wao. Ukitukera, hatugombani na wewe. Tunakusalimia vizuri kanisani, tunakuulizia afya yako, halafu tunaweka wakili.

Jaji wa kwanza alimpa Curdin haki, akasema mawe yaliondolewa na hilo ndilo jambo lenyewe. Ushirika wakakata rufaa. Kwenye mahakama ya juu wakili wa Curdin alisema sharti la kuja mwenyewe ni jambo dogo la kizamani, lisiue biashara nzima. Jaji, mama mmoja wa makamo, akamuuliza Curdin: "Kama ni jambo dogo, kwa nini lilikushinda?" Curdin alinisimulia hayo mwenyewe.

Nilimfuata Gieri zizini, damu inachemka.

"Mzee Gieri, umemmaliza mtoto!"

"Hakuja," akasema, anaendelea kukamua.

"Si ungemwita ukamwambia?"

"Wewe hukumwambia?"

"Nilimwambia."

"Basi aliambiwa."

Niliondoka bila kuaga, na mlango wa zizi niliubamiza mpaka ng'ombe wakashtuka.

Kilichokuwa kinaninyima usingizi si lifti. Lifti ni chuma, kinakuja na kinakwenda. Ni kwamba kampuni moja ya Austria ilimtaka Curdin akasimamie lifti zao, kazi ya kudumu, na nyumba ya kukaa wangempa. Angeondoka, angeiuza nyumba ya baba. Nyumba za namna hiyo kwetu zinanunuliwa na watu wa mbali wanaofungua madirisha wiki mbili kwa mwaka. Nilimwambia wazi wazi, kwa sababu mimi sijui kuzunguka.

"Lifti iende. Wewe usiende."

"Nikae nifanye nini, Shangazi? Nichunge ng'ombe wa Gieri?"

"Kuna waliofanya mabaya zaidi."

Hakucheka. Alisema wale wa Austria wanataka jibu Jumatatu ya baada ya Siku ya Mawe, na kwamba hana sababu ya kuwakatalia.

Helikopta ilikuja ikanyanyua nguzo moja baada ya nyingine, kijiji kizima tukiangalia juu shingo zinauma. Mafundi wakakunja kamba, wakapakia viti, wakaondoka. Zilibaki zege zilizokuwa zimeshika nguzo, vipande kwa vipande, na vyuma vimezagaa kwenye majani. Hizo Curdin alizibakiza azivunje mwenyewe, kwa nyundo na toroli. Kukodi katapila aliona haya, na nilifurahi kwamba ameona haya.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa Siku ya Mawe. Alijua? Alijua sana. Angeweza kukaa nyumbani siku hiyo, hakuna ambaye angemlaumu. Tulipopanda asubuhi tulimkuta yuko pale, amevua koti, nyundo mkononi.

"Mmekuja kuangalia?" akauliza. Sauti yake ilikuwa kali, lakini mimi niliyemlea nilijua ana hofu.

"Tumekuja kuokota mawe," akajibu Gieri. "Hiyo zege nayo ni mawe."

Akatua kikapu chake pembeni ya Curdin, akainama. Basi, wengine wakatawanyika, kazi ikaanza. Kesi haikutajwa. Mengia, jirani yangu, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, ndiye aliyeanza maneno.

"Curdin! Hebu nione mikono. Yesu wangu, laini kama ya padri!"

"Padri wetu analima, Mengia," akasema mtu.

"Basi laini kuliko ya padri!"

Wakacheka, na Curdin naye akacheka kidogo, huku anapulizia malengelenge. Mara ya mwisho kumwona anacheka sikumbuki ilikuwa lini. Alivunja, Gieri akabeba, mpaka shimo la mwisho likafukiwa. Mlima ulibaki na mabaka ya udongo kuanzia juu mpaka chini, mithili ya fizi zilizong'olewa meno.

Tukakaa kula. Kwetu mtu hachukui supu ya Siku ya Mawe hivi hivi. Mwenyekiti anasimama karibu na sufuria anaita nyumba kwa majina, kuanzia ya juu kabisa bondeni hadi ya chini. Nyumba ikiitwa, mtu wake anajibu, "Tupo," anapokea bakuli. Ukijibu umeahidi kwamba mwakani nyumba yako ina mtu hapa. Anayejua atahama ananyamaza tu, anakula mwishoni na wageni. Hasemwi vibaya. Lakini nimeona wanaume wazima wakinyamaza, kisha wakala bila kuinua macho.

Gieri aliita, watu wakajibu, mimi nikapakua. Kisha akasema, "Nyumba ya Tumasch."

Ni nyumba ya baba yangu. Mimi niliolewa, nahesabiwa kwa mume wangu, kwa hiyo hakukuwa na wa kujibu ila mmoja. Curdin alikuwa amekaa chini, mikono imevimba juu ya magoti, anaangalia mlima. Nilifungua mdomo nimjibie, Mungu anisamehe, Mengia akanifinya paja.

Jina huitwa mara moja tu. Gieri hakurudia. Alisimama na bakuli lake tupu mkononi, na hakuita nyumba iliyofuata.

"Tupo," akasema Curdin, chini chini.

"Sijasikia," akasema Gieri, mwenye masikio ya paka.

"Tupo, mzee! Tupo!"

Gieri akanisogezea bakuli, nikalijaza mpaka likamwagika, akampelekea mwenyewe. "Kula," akamwambia. "Jumatatu uje, uzio wa chini umelala."

Nililia mbele za watu na sikuona aibu. Curdin alikuja kukaa karibu yangu, akala mpaka nusu ya bakuli.

"Shangazi, sina kazi," akasema.

"Najua. Hata mimi kibanda changu kimefungwa."

Akanisogezea mkate wake, tukaendelea kula.