Msichana wa Sura ya Kumi

Mwalimu Adela alituambia hakuna jibu la kosa. Nataka hilo lijulikane mapema, kabla mtu hajaanza kuniuliza kwa nini nilifungua mdomo.

Alikuwa mwalimu wetu wa Kiswahili, kidato cha nne B, bado kijana, mwenye sauti ya kubembeleza. Kila Ijumaa jioni tulibaki darasani tunasoma kwa zamu riwaya ya vijana, kisha kila mmoja anasema kilichomgusa. "Dhamira na mafunzo mtaandika kwenye mtihani," alisema. "Hapa nataka moyo wako." Na mimi, mjinga wa mwisho, nikamwamini.

Riwaya yenyewe ilikuwa ya msichana anayepata mimba, baba anamfukuza, sura ya tisa anajifungua. Sura ya kumi mtoto ana miezi mitano na yeye yuko darasani, sketi imepigwa pasi, anaongoza hesabu. Noela, anayekaa mbele yangu, alisema amelia. Thadei akasema msichana yule ni shujaa. Mwalimu anatikisa kichwa kwa furaha. Mimi damu inanichemka.

"Mwanaheri, wewe umeguswa na nini?"

"Sijaguswa, Mwalimu. Nimekasirika. Huyu mwandishi ni mwongo."

Darasa likacheka. Ningenyamaza hapo ningekuwa salama, lakini nikishapandwa na hasira mimi sina breki.

"Mtoto ana miezi mitano," nikasema, "mama yake yuko darasani tangu asubuhi mpaka saa tisa, na maziwa hayamtoki? Hata siku moja shati halilowi? Mbona hajifungi vitambaa kifuani? Mbona mapumziko hakimbilii chooni kujikamua ukutani, huku ameng'ata kola asisikike? Akisikia mtoto wa jirani analia, maziwa yanakuja yenyewe! Hayo yako ukurasa gani?"

Hakuna aliyecheka tena. Noela aligeuka, akanitazama kifuani, kisha usoni. Ndipo nikajua nimesema nini.

Mwanangu Ibra nilimpata nikiwa kidato cha pili, kwetu Nakapanya. Mama hakunipiga. Msimu wa korosho tulihamia shambani mimi na yeye, tukarudi na mtoto, na mama akatangaza kuwa ni wake. Baba akakubali, maana aibu ilikuwa yake pia. Kwetu jambo hilo si geni. Watu wanaweza kunong'ona, lakini mwanamke mtu mzima akisema huyu ni wangu, hakuna wa kumbishia. Ibra alipofika miezi mitano nikaletwa Songea, hapa Lizaboni kwa mama mdogo Aisha, nikaanza upya kwenye shule ambayo hakuna anayenijua. Ibra akakua akimwita bibi yake mama, na mimi dada. Sikutaka makubwa. Nilitaka Novemba ifike, nifanye mtihani wa taifa nikiwa mwanafunzi kama wengine, na mtoto abaki na mama anayemjua.

Jumatatu Mwalimu Adela akaniita ofisini. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Mwanangu, kumbe wewe ndiye yule msichana wa kitabuni!" Akanikumbatia. "Siku ya wazazi inakuja. Utasimama mbele. Siku hizi kurudi shule kunaruhusiwa, usione haya. Wasichana wangapi watapata moyo kwa ajili yako!"

"Mwalimu, nakuomba usinitaje. Mtoto anajua mama yangu ndiye mama yake. Kijiji kizima kinajua hivyo."

"Hiyo ndiyo minyororo ya kuvunja."

Hata maneno yake yalikuwa ya kitabu. Nilipiga magoti pale kwenye sakafu ya ofisi, wallahi nilipiga. Akanishika bega akasema, "Nimekusikia." Nikatoka nikidhani mtu akisema amekusikia, basi amekusikia.

Kumbe alitafuta namba ya mama, akampigia. Akamwambia binti yako atapewa zawadi, njoo, na mdogo wake usimwache. Mama hakuwahi kuitwa shule kwa jambo la heri. Alikuja na basi kutoka Nakapanya, amemvisha Ibra kanzu mpya nyeupe, na mwenyewe amejitanda kanga yake ya sherehe.

Wazazi walikaa chini ya turubai. Nyuma ya mama alikaa Mzee Bashiru, jirani yetu wa Nakapanya kabisa, ana kijana wake kidato cha kwanza pale. Mwalimu Adela akashika kipaza sauti, akaeleza yote. Mimba yangu, kufichwa kwangu, mtoto kubadilishiwa mama. Akasema ni ushujaa. Akaniita mbele, miguu ikanipeleka tu.

"Na sasa mama, mlete mtoto kwa mama yake!"

Mama hakuinuka. Mwalimu akashuka mwenyewe, akamwinua Ibra mapajani mwa mama, akaja kunikabidhi. Ibra alipiga yowe. Akanipiga mateke, mikono ameinyoosha kule alikotoka: "Mama! Mama!" Watu wakasema masikini, bado hajamzoea. Simu zimeinuliwa juu zinapiga picha. Mzee Bashiru aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake, na mama alimwona.

Tulipofika Lizaboni mama alikataa hata maji. Akaweka mfuko wa nguo za Ibra kizingitini.

"Miaka yote hii nasema ni wangu. Msikitini, kwenye misiba, mbele ya ndugu za baba yako. Leo nimeitwa mwongo kwenye spika, na wewe umesimama unatazama."

"Mama, sikumtuma! Nilimkataza!"

"Alijuaje?"

Nikainama nikaushika mfuko wa Ibra.

"Mtwae mwanache wako," akasema. "Watu wameshajua, nitamrudishaje?" Akapitia mlango wa uani, ili Ibra asimwone akiondoka.

Ibra alilia mpaka sauti ikakauka. Mama mdogo anauza mchele sokoni, anatoka alfajiri, anarudi magharibi. Aliniambia bila kufoka: "Mimi nilipokea mwanafunzi, Mwanaheri. Sikupokea mzazi." Jumatatu sikwenda shule. Wala Jumanne.

Wiki iliyofuata Mwalimu Adela akapiga hodi asubuhi. Nikamwamkia, shikamoo, nikampa kigoda.

"Mbona huji? Mtihani huo unakaribia! Hakuna anayekuzuia, mwanangu. Sheria iko upande wako."

"Nani atakaa na mtoto?"

"Mama yako?"

"Amerudi kwake."

"Mama mdogo?"

"Yuko sokoni."

Akatazama uani, akatazama mlango wa jirani, ambao ulikuwa na kufuli. Ibra alikuwa amejificha nyuma ya kanga yangu. Nikambeba, nikamnyoosha mbele yake, na sikuwa natania hata chembe.

"Basi kaa naye wewe, Mwalimu. Leo tu, mpaka saa tisa. Sare yangu iko tayari, nakimbia sasa hivi."

Alirudi nyuma kidogo. Akatazama saa yake ya mkononi.

"Ningekaa, Mwanaheri, lakini nina kipindi saa nne."

"Darasa gani?"

Akavaa mkoba wake begani kwanza.

"Kidato cha nne B," akasema, akaondoka.