Kumwona Mkwe

Mtafiti alimbembeleza mkuu wa maabara mpaka akapewa asubuhi moja ya kumwonyesha bibi yake mashine. Mashine ilikuwa bado wazi, imening'inia darini kama taa kubwa ya ukumbini, sahani zake za shaba zilizopakwa dhahabu zinameremeta, na chini kabisa kichipu kidogo kama ukucha wa mtoto. Hicho kichipu ndicho kinachopiga hesabu za kwanta, zile zinazoishinda kompyuta ya kawaida. Kinataka baridi ya kupindukia. Kikipata joto kidogo tu, kinasahau kila kitu. Ndiyo maana mashine ikishafungwa ndani ya mapipa yake, hakuna anayeiona tena kwa miezi. Na macho ya bibi yake yalikuwa yanafifia. Miezi hiyo yasingeingoja.

"Saa sita mchana nafunga," mkuu alisema. "Hata bibi yako akiwa malkia."

Bibi akafika kumekaribia saa sita, kajipamba, kang'ang'ania mkono wa mjukuu wake.

"Haya, yuko wapi huyo mkwe? Aliyekuzuia hata kuja kunijulia hali!"

"Bibi, watu wanasikia!"

"Wasikie. Mkwe gani hajui hata shikamoo?"

Mafundi wakaangua kicheko. Mjukuu akamsogeza mbele ya mashine, akamwachia mkono. "Huyo hapo, Bibi. Mtazame."

Bibi akatazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Jamani, mzuri! Mrefu, halafu katulia."

Kicheko kikakatika. Bibi alikuwa ameligeukia kabati la makoti.

Mjukuu akamshika bega. "Tangu lini, Bibi?"

"Tangu mvua zilipoanza." Sauti ya bibi ilishuka. "Uliponiambia kwenye simu umeizuia isifungwe kwa ajili yangu, na furaha ile uliyokuwa nayo, ningekuambiaje? Nikasema nitakwenda, nitasifu, nitarudi zangu. Kumbe nimesifu kabati!"

Wakacheka wote wawili, mjukuu huku anafuta machozi.

Mkuu alitazama saa yake, kisha akaifunika kwa mkono wa shati. Akachukua glavu, yeye mwenyewe akamvisha bibi, kidole kwa kidole. "Taratibu, mama. Hapa pembeni."

Bibi akapapasa ukingo wa sahani ya juu kama anayepapasa uso wa mtoto aliyelala.

Wakaifunga. Hewa ya ndani ikanyonywa yote, na bibi akagoma kuondoka, akawekewa kiti. Alasiri pampu ya baridi ikawashwa: chwii... chwii... chwii...

Bibi akainua kichwa. "Hebu nyamazeni." Akasikiliza. "Mbona huyu namjua! Kila ukinipigia simu yuko nyuma yako, anapumua. Nikawa najiambia, afadhali, mjukuu wangu hayuko peke yake."

Mjukuu akaketi sakafuni, akalaza kichwa kwenye goti la bibi. "Ndiye huyo, Bibi."

"Basi nimemwona."

Chwii, ikasema mashine.

"Marahaba," bibi akaitikia.