Mgongo wa Fundi Haujakauka

Baba ni fundi uashi, na tangu apasuliwe uti wa mgongo kajigeuza zege. Kalala chali, macho kwenye dari, hataki hata kutikiswa.

"Zege likimwagwa leo unalikanyaga leo?" ananiuliza. "Acha likauke."

Nesi alimwambia kinyume kabisa. Dawa ya maumivu anywe kwa saa, asingoje mpaka azidiwe, halafu atembee. Ijumaa ana kliniki, na kama hajaanza kutembea wanamlaza tena. Wodi yenyewe haipendi hata kuisikia, eti kuta zake zimepinda.

Lakini vidonge kavificha chini ya mto. "Hiyo akiba," anasema. Akizidiwa sasa, mtaa mzima unajua. Anamwita mama yake, marehemu, kwa jina.

"Baba watoto," mama akamwambia, "wakikulaza tena, chai utajipikia na dripu yako."

Wapi.

Mimi shule nimemaliza, kazi sina, na kumshikia beseni kitandani nimechoka. Nikachukua mwiko wake, nikakoroga simenti, nikaanza kuziba ufa wa korido, pale pale mbele ya mlango wake.

"We! Unafanya nini?"

"Napiga plasta, mzee."

"Hujalowesha ukuta!"

"Ukuta utajilowesha wenyewe."

Nikatupia mwiko mwingine. Plasta ikatuna, ukuta ukawa kama una mimba.

"Mama watoto! Nitolee kidonge hapo chini ya mto! Huyu ananibomolea nyumba!"

Akameza. Mama akamlazimisha asubiri dawa ishike, naye akawa anasaga meno kila nikichota. Mwisho akajigeuza mzima mzima kama gogo, vile nesi alivyomfundisha, akashusha miguu, akasimama. Akaja anashika kuta, jasho linamtoka.

"Mgongo unauma?" mama akauliza.

"Unauma. Lakini nikiuangalia huu upuuzi, nasahau." Akanigeukia. "Bomoa wote."

Tangu hapo anakunywa dawa kwa saa, ili aje kunikagua. Napiga, anabomolesha. Napiga, anabomolesha. Ijumaa kliniki akatembea mwenyewe, daktari akafurahi, baba akamwonyesha pembe ya ukuta wao iliyopinda. Wakamruhusu haraka sana.

Sasa mimi ndiye nimelala chali, kiuno hakigeuki. Baba kasimama mlangoni na mwiko.

"Inuka, utembee," anasema. "Unadhani wewe zege?"