Mfuko wa Nguo za Bonge

Bonge alipoanza kuchomwa sindano za kupunguza mwili, aliyeona faida yake wa kwanza alikuwa mdogo wake, fundi cherehani. Kila Jumamosi dada mtu alipanda ngazi hadi chumba cha ushoni juu ya duka la rangi, akanyoosha mikono, akapimwa, na nguo zikapunguzwa. Mwezi wa kwanza kiuno kilirudi inchi mbili. Mwezi wa tatu, tano. Fundi alishangilia kama aliyefunga bao na kuwaita wateja waje kushuhudia.

"Jamani, mtazameni Bonge! Itabidi tumtafutie jina jingine."

Nyumba njema si mlango, lakini sisi binadamu tukishaona mlango umepakwa rangi tunapiga makofi na kwenda zetu. Bonge ambaye kicheko chake kilitangulia kufika juu kabla ya miguu, sasa alipanda kimya. Zamani akipimwa alitania, "Taratibu, usije ukaikata tepu." Sasa alisimama tu, macho dirishani, mikono imenyooka hata baada ya kuambiwa aishushe.

Alisema, tena waziwazi. "Mdogo wangu, hii sindano imeniondolea hamu."

"Si ndiyo kazi yake, dada? Hamu ya kula ndiyo iliyotuponza."

"Si ya kula tu. Naamka asubuhi naiona siku ndefu, na sina ninachokingoja."

"Hiyo njaa. Mwili ukizoea utachangamka. Hebu geuka nione mgongo."

Bonge akageuka, na hakulirudia neno hilo tena. Kliniki nako walimpandisha kwenye mizani, wakaandika namba, wakampongeza, wakampa dawa ya mwezi mwingine. Habari za usingizi wala za moyo hakuulizwa, naye hakuwa mtu wa kujieleza asipoulizwa.

Mwezi wa tano, Jumatatu mchana, alikuja na mfuko mkubwa. Hakutaka kupimwa.

"Nguo zangu hizi. Wakatie wanao, au mgawie atakayezitaka."

"Zote?"

"Zote."

Fundi alifurahi sana. Kwenye kazi yake, kila anayepungua hufika siku hiyo: huleta nguo za unene wake, akazitupa mezani na kusema hataki tena kuziona. Amewapokea wengi, wengine wakicheza kabisa. Alimkumbatia dada yake, akaihisi mifupa ya mabega, akampa hongera. Bonge alimshika mkono akachelewa kuuachia.

"Umenisitiri sana, mdogo wangu. Ahsante."

Akashuka ngazi. Fundi akaumwaga mfuko mezani na kuanza kufumua gauni la juu, pana kama shuka. Akamaliza, akachukua la pili, kisha la tatu. La nne aligeuza ndani nje autafute mshono, akaukuta ni wake mwenyewe, uzi bado unang'aa. Gauni hili alilipunguza juzi, Jumamosi, na lilimkaa dada yake vizuri kuliko nguo yoyote. Chini yake yalikuwepo mengine mawili membamba vilevile. Na chini kabisa mitandio, imepigwa pasi na kukunjwa vizuri. Mtandio hauna unene wala wembamba. Mtu hagawi mitandio kwa sababu amepungua.

Alipiga simu, haikupokelewa. Akachomoa pasi, akaacha mlango wazi, akakimbia mitaa miwili na tepu shingoni.

Dada yake alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, simu kando yake. Kabati lilikuwa wazi, tupu, limefutwa hata vumbi.

"Dada, mbona umegawa mpaka za kuvaa?"

Bonge hakuwahi kujua kusema uongo. "Sikutaka mtu apate kazi ya kuzipanga baadaye."

Fundi akakaa sakafuni. Aliogopa kuuliza kuliko alivyowahi kuogopa kitu, lakini aliuliza. "Unataka kufa?"

Bonge aliitikia kwa kichwa, polepole. Hakulia. Fundi ndiye aliyelia kwa wote wawili, kisha akamvisha viatu kama mtoto na kumpeleka hospitali, hakumwachia mkono njia nzima.

Daktari hakuapa kwamba ni dawa. Alisema huenda ni hiyo, huenda kuna jingine, ila sindano zisimame kwanza, Bonge alazwe leo hii, na asiachwe peke yake hata dakika. Aliuliza mengi ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza, na Bonge akayajibu yote kwa sauti ndogo. Mwisho daktari akamgeukia fundi.

"Wewe ndugu yake uliye karibu naye. Miezi yote hii hukuona mabadiliko?"

Fundi akaivua tepu iliyokuwa bado shingoni.

"Aliona, daktari," Bonge akamjibia. "Alidhani napendeza."