Kelele Chini ya Kiti

Baiskeli yangu ilianza kulia wiki ile tuliyotoka kusafisha makaburi ya wazee wetu. Ikipita juu ya mawe ya uchochoro inasema tok, na nyuma ya tok inafuata sauti ya majimaji, chubwi, kama mtu anasukutua mdomo. Hapa Shaoxing, China, vichochoro ni vyembamba, kila mtu anasikia cha mwenzake. Nikawa kichekesho.

"Dada Aqing," akaniita Cailian, jirani yangu wa mlango kwa mlango, ameinamia beseni lake la mboga. "Hiyo ni baiskeli au ni tumbo lako?"

"Tumbo langu likilia hivyo, njoo unizike."

"Basi jana ulikula nini? Maana na harufu ipo."

Harufu ilikuwepo kweli. Nilidhani ni mfereji.

Mwanangu Yongfa yeye hakucheka. "Mama, fremu imekatika kwa ndani. Itakumwaga darajani uingie majini. Kesho anapita mnunuzi wa vyuma chakavu, nampa."

"Na shamba langu?"

"Mboga zipo sokoni, Mama."

Shamba langu ni matuta machache tu ng'ambo ya mfereji, lakini ndiko ninakovuta pumzi yangu, na magoti haya hayafiki kule kwa kutembea. Bila baiskeli ningebaki kukaa dirishani kama chungu cha maua. Nikamwambia, "Nikiipata hiyo kelele kabla hajaja, utaniachia?"

"Ipate kwanza," akasema, akaenda kazini.

Nikaanza taratibu. Niling'oa kikapu, nikazunguka uchochoro. Tok, chubwi. Niling'oa karia. Vilevile. Nikafunga madigadi kwa matambara, nikavisha kengele soksi, nikatia mafuta kwenye cheni. Vilevile. Nikashuka nikaisukuma tu, pedeli zimetulia, nayo ikaendelea kulia. Basi si mimi, si cheni, wala si pedeli. Nikailaza ubavu, nikaiinua polepole huku sikio nimeliegemeza kwenye chuma. Kitu kikateleza ndani ya bomba la kiti, pale pale chini ya makalio yangu.

Hapo ndipo nikakumbuka kiti.

Uchochoroni kwetu kila mtu jioni huchomoa kiti cha baiskeli yake akapanda nacho ghorofani, kwa sababu baiskeli isiyo na kiti mwizi hana raha nayo. Mimi nimefanya hivyo miaka yote, sijawahi kuibiwa. Asubuhi nachomeka kiti huku akili iko shambani. Majuzi kile chuma cha kiti kinachoingia bombani kilikuwa kikitoka na utelezi, nikakifuta kwa gazeti nikidhani ni grisi. Kumbe majira yote ya baridi bomba lile limelala wazi, mdomo juu, na juu yake ndizo zile fito za mianzi tunakoanika bata wa chumvi kabla ya mwaka mpya. Mafuta yanadondoka usiku kucha. Kisha zikaja mvua.

Nikachomoa kiti, nikaipindua baiskeli juu ya ndoo.

Kwanza hakikutoka kitu. Kisha likaja tone, zito, la rangi ya usaha. Kisha mchuzi wote, wenye mapande ya shahamu, na ndani ya shahamu funza wanene wanajikunja. Mende wakatoka nyuma yao, wengine wazima, mmoja akanipanda mkononi mpaka ndani ya shati. Harufu yake hata sijui niiite nini, ilinishika ulimi kama kitu cha kula. Kikabaki kitu kimekwama. Nikakichokoa kwa kijiti cha kulia chakula, na kijiti kile sikukirudisha jikoni. Ukaanguka mguu wa bata, na kucha zake, ngozi imevimba ikawa nyeupe kama kidole cha maiti.

Cailian alikuwa amekuja, pua ameifunika kwa aproni. Tangu mwaka mpya alikuwa akisema paka wangu ameiba mguu wa bata wake. Akachungulia ndoo.

"Panya ndiye aliyeutafuna ukadondoka," akasema. "Huo ni wangu."

"Chukua."

Akaenda kutapika kwenye mtaro.

Yongfa aliporudi nilimwonyesha. Nikaitikisa baiskeli mbele yake, nayo haikulia. "Kelele hiyo hapo ndoani. Fremu ni nzima."

Akarudi nyuma hatua kadhaa, uso umemgeuka kijani. "Mama, hata ikinyamaza, kitu hicho hakilali mlangoni kwangu. Kesho kinaondoka."

Ndivyo anavyotimiza ahadi, huyo niliyemzaa.

Asubuhi mnunuzi wa vyuma akaja na toroli. Akaishika baiskeli kwenye fremu, akainama, akainusa, akaiweka chini na kufuta kiganja kwenye suruali.

"Mama, mimi nimeshabeba mabomba ya vyoo vya hospitali," akasema. "Hii hapana."

"Hata bure?" Yongfa akauliza.

"Hata unilipe, kijana."

Yongfa akaingia ndani akachemsha maji mwenyewe. Tuliimwagia maji ya moto na magadi mpaka mchana, yeye akigeuza uso kila birika.

Sasa inakwenda kimya. Mdomo wa bomba naufungia gunzi la hindi kila jioni. Shambani nafika, mboga zimeshika. Ila mpaka leo nikipita kwenye mawe nasimama juu ya pedeli, sikalii kile kiti. Na miguu ya bata, wanaoipenda na waile.