Dawa ya Kuachia Breki

Mume wangu ni mwalimu wa udereva. Gari lake lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, na hiyo ya mwalimu anaipenda kuliko mimi. Hata tukiwa na watu, nikifungua mdomo tu, ananikanyaga mguu chini ya meza. Nami nanyamaza.

Alipogundulika ana saratani ya pafu, daktari wake, binti mmoja mpole, alimweleza kwa lugha ya kazi yake.

"Mzee, mwili una askari, na askari hao wana breki ili wasishambulie ovyo. Saratani imeikanyaga hiyo breki. Dawa hii inautoa mguu wake."

Mzee akafurahi utadhani dawa kaivumbua yeye.

"Ila wakiachiwa wanaweza kukugeukia mwenyewe," daktari akaongeza. "Ukihara, ukibanwa kifua, niambie siku hiyo hiyo."

Baada ya dripu ya tatu ya dawa hiyo akaanza kuhara. Choo kikawa ndiyo ofisi yake. Nikamwambia twende hospitali.

"Wataniachisha dawa, na mimi nasikia inafanya kazi. Tulia, mke wangu."

Nikamkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Akanijibu kuwa methali si vipimo. Mtu mzima na ndevu zake! Niliogopa mpaka usingizi ukanipotea.

Siku ya dripu iliyofuata daktari akauliza kama kuna tatizo lolote.

"Salama tu," akasema, huku suruali inamvuka. Chini ya meza mguu wake ukaja juu ya wangu. Nikauvuta wangu.

"Anahara wiki nzima, sasa anatoa damu, na hapa anakudanganya," nikasema.

Wakamlaza, wakasimamisha dawa, wakampa nyingine ya kuwatuliza hao askari. "Umeniua," ndilo neno pekee aliloniambia. Nililia kwenye korido, maana huenda ilikuwa kweli.

Kuhara kukakoma. Picha ya pafu ilipopigwa, uvimbe ulikuwa umesinyaa nusu, na ukazidi kusinyaa bila dawa. Daktari alisema askari wakishaamka, wengine hawalali tena.

Siku hizi wageni wakija kumjulia hali, anakohoa kidogo na kuanza: "Ile hali niliishtukia mapema. Nikamwambia daktari mwenyewe. Mimi si mtu wa kuficha ugonjwa."

Mashemeji wanamsifu. Namtazama anavyodanganya, mashavu yamemrudia, namwongezea chai. Mwongo wangu huyu yuko hai, na aseme atakavyo.