Kila Mtu na Nobu Yake

Kasiani alikuwa na studio Chang'ombe, kama chumba chenye kitanda, kompyuta na maiki moja kinaweza kuitwa studio. Ukutani alikuwa amesimamisha magodoro ili mwangwi usisumbue. Aliyapata kiwandani alikoajiriwa, yale yaliyokatwa vibaya. Shangazi yake, Filomena, hakuwahi kuyazoea. "Sie kule Newala tulikuwa tunalalia mkeka," alisema kila alipoingia, "na huyu magodoro yake kayaegesha ukutani kama wageni waliokosa viti."

Kilichopungua ni miksa, ile mashine ya kusawazisha sauti kabla hazijaingia kwenye kompyuta. Bila hiyo, kila aliyerekodi kwa Kasiani alisikika kama anaimba ndani ya ndoo. Basi kikundi cha akina mama wa mtaani, ambacho mwenyekiti wake ni shangazi, kikaamua kurekodi wimbo wa harusi ya binti wa mwenzao. Wakachanga fedha, wakamwambia Kasiani anunue miksa ya bei nafuu na ibaki kwake, mradi wao warekodi bure. Ila dukani asiende peke yake.

Wakaenda naye watatu hadi Mwananyamala, kwenye duka la muziki la bwana mmoja aitwaye Gaspar. Alikuwepo shangazi mwenyewe. Alikuwepo Mwanaasha, muuza vitumbua mwenye sauti nyororo. Na alikuwepo Tusajigwe, mama wa Kinyakyusa ambaye akiimba kanisani kwao, waumini wa kanisa la jirani husimama.

Gaspar akawatolea miksa ndogo, upana wake kama sahani ya wali. Kasiani akachomeka maiki, akavaa hedifoni, akasikiliza. Sauti ilikuwa safi, haina mvumo wala mikwaruzo.

"Hii hapa," akasema. "Tunachukua hii."

Mwanaasha akainama kuikagua. "Mbona ina nobu mbili tatu tu za kuzungusha? Yangu ipi?"

"Mama, maiki tunayo moja. Mtaizunguka wote, mtaimba pamoja."

"Kwa hiyo mie na Tusajigwe tunatokea kwenye nobu moja?"

"Ndiyo."

"Sikubali! Miaka yote ananifunika, leo nilipie mwenyewe nifunikwe tena?"

"Nani kakufunika?" Tusajigwe akauliza, na vioo vya kaunta vikatetemeka.

Hapo shangazi akaiona miksa nyingine pembeni, kubwa kama mlango, imejaa nobu kuanzia juu mpaka chini. Gaspar akaiwasha. Taa nyekundu, kijani na njano zikawaka zote kwa pamoja. Akina mama wakashusha pumzi.

Gaspar akamvuta Kasiani pembeni. "Braza, ile ni marehemu. Ndani hamna kitu, zimebaki taa tu. Nimekosa pa kuitupa."

Kasiani akarudi kuwaeleza. "Shangazi, ile haifanyi kazi. Imekufa."

"Imekufa na taa zinawaka?"

"Taa tu, shangazi."

"Mwanangu, mie nimezika watu wengi. Sijaona maiti anawaka taa."

Wakabishana mpaka wateja wengine wakaondoka. Mwishowe Gaspar akaona biashara yake inaharibika. Akawauzia ile ndogo, na ile kubwa akawapa bure, kwa sharti moja tu: waiondoe upesi. Wakaipakia kwenye bajaji. Shangazi na Tusajigwe wakakaa nayo mapajani, Kasiani na Mwanaasha wakatafuta bajaji nyingine.

Siku ya kurekodi, Kasiani akaiweka ile kubwa mezani kama walivyotaka, akaichomeka kwenye umeme, taa zikawaka. Ile ndogo, iliyofanya kazi hasa, akaiweka juu ya stuli pembeni yake. Akina mama walijaa chumba kizima, wengine wamekaa kitandani. Shangazi alikuja na utepe mweupe, akabandika jina la kila mtu chini ya nobu yake.

"Nawaambia tena," Kasiani akasema, "hizo nobu hazifanyi kitu."

"Wewe rekodi," shangazi akamjibu.

Kabla wimbo haujaanza, kila mama alipitia mezani kwa kisingizio chake. Mmoja alitaka maji, mwingine alikuwa anatafuta kandambili. Kila aliyepita alipandisha nobu yake na kushusha ya Tusajigwe. Tusajigwe alipotazama akaikuta ya kwake iko chini kabisa. Alivuta pumzi mpaka kifungo cha gauni kikaruka.

Wakaimba. Wenzake, wakijua nobu zao ziko juu, waliimba kistaarabu, midomo nusu. Tusajigwe, akijua ameshushwa, aliimba kama anamwita mtu aliye Msasani.

Kasiani akawachezea walichorekodi. Alisikika Tusajigwe peke yake, na kwa mbali kitu kama nyuki.

"Haiwezekani!" Mwanaasha akaruka. "Mie yangu iko mwisho!" Akaikamata nobu yake ili aizungushe zaidi, ikang'oka, ikabaki mkononi. Kelele zikaanza. Huyu anataka arudishiwe mchango wake, yule anasema mashine imerogwa. Tusajigwe amekaa kitandani anatabasamu, anaomba wimbo uchezwe tena.

Kasiani aliwatazama, akaitazama ile miksa iliyokufa, ndipo akagundua kwamba inafanya kazi. Haikuchanganya sauti, ilichanganya waimbaji.

"Haya, nisikilizeni," akasema. "Kosa ni langu, nilipanga vibaya. Naanza upya." Akaizungusha nobu ya Tusajigwe mpaka mwisho, mbele ya macho ya wote. "Mama Tusajigwe, uko juu kuliko wote. Ukiongeza kidogo tu, spika zitapasuka."

"Ee, sasa ndiyo haki," Tusajigwe akasema.

Kisha akashusha za wengine zote mpaka chini. "Na nyie mko chini. Msipojitahidi, hamtasikika kabisa."

"Unatuonea!" akalia Mwanaasha.

"Basi imbeni."

Wakaimba kwa hasira, shingo zimetoka mishipa. Tusajigwe, kwa kuhurumia spika, aliimba taratibu, laini, kwa sauti ambayo hakuna aliyejua anayo. Sauti zikakaa pamoja, hakuna aliyemfunika mwenzake. Shangazi alipousikia wimbo ule ukichezwa, alifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Mnaona?" akawaambia wenzake. "Na huyu mtoto alikuwa anatwambia imekufa."

Harusini wimbo ulipigwa mara nyingi mpaka DJ akachoka. Kasiani alikuwa amekaa meza ya nyuma na sahani yake ya pilau. Mwanaasha akampita, akamnong'oneza mgeni wa bwana harusi, "Hiyo sauti inayosikika zaidi ni yangu." Baada ya muda kidogo akapita Tusajigwe, akamnong'oneza mgeni yuleyule maneno yaleyale. Mgeni akamgeukia Kasiani kumuuliza nani mkweli.

"Wote," Kasiani akajibu, akaongeza kachumbari.